Kompyuta Iungwapo Moja kwa Moja na Waya wa Simu

Katika ofisi nyingi za miji yetu, kuanzia ile ya wakili mwenye chumba kimoja hata ile ya chama cha ushirika chenye makarani watatu, viko vitu viwili vitunzwavyo kwa uangalifu mkubwa: muhuri, na ufunguo wa kasha la fedha. Kitu cha tatu, ambacho siku hizi thamani yake haipungui thamani ya hivyo viwili, hakitunzwi na mtu ye yote. Nacho ni lile jina na lile neno la siri ambavyo kwavyo ofisi hiyo huingia katika intaneti. Ukiuliza viko wapi utajibiwa, “Anavyo fundi.” Na fundi mwenyewe yuko wapi? Amehamia Mwanza, au amebadili nambari ya simu, au yuko njiani anakuja tangu Jumatatu.

Makala haya yanahusu jambo dogo la kazi ya mikono, yaani namna ya kuiunga kompyuta ya mezani moja kwa moja na waya wa simu uletao intaneti ya DSL, bila ya kuweka ruta katikati. Jambo lenyewe ni dogo, lakini ndani yake mna swali ambalo si dogo: mlango wa nyumba yako ukielekea barabarani, ni nani mwenye ufunguo, na ni nani aliyehakikisha kwamba umefungwa?

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mtu ahangaike na njia hii siku hizi, ilhali watu wengi hupata intaneti kwa simu ya mkononi, na mijini nyaya za kioo zinaingia nyumba hata nyumba? Sababu zipo. Iko ofisi yenye kompyuta moja tu, ambayo haina haja ya kununua ruta. Iko ruta iliyoungua kwa radi wakati wa masika, na kazi haiwezi kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Yuko fundi mwenyewe atakaye kujua kama kasoro iko kwenye waya au kwenye ruta. Naye hana njia iliyo rahisi kuliko kuiondoa ruta na kuiacha kompyuta izungumze na kampuni ana kwa ana. Tena iko sababu nyingine ambayo sisi twaiona kuwa kubwa kuliko zote: mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake mara moja hawezi tena kudanganywa na mtu kuhusu intaneti yake.

Na tuanze na waya wenyewe. Waya wa simu ni nyuzi mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Katika nchi zetu, misingi ya mtandao wa waya hizo ilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu la Afrika ya Mashariki, hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kuchukua sehemu yake. Waya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, basi. Sauti katika simu huchukua nafasi ndogo sana, isiyozidi mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde. Shaba yenyewe, hata hivyo, yaweza kubeba mitetemo mingi zaidi ya hiyo. Kwa miaka mingi nafasi yote iliyo juu ya sauti ilikaa bure, kama shamba kubwa ambalo mwenyewe amelima pembe moja tu.

Walioligundua shamba hilo walikuwa wahandisi wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore alionyesha kwamba waya nyingi zilizofungwa katika bomba moja huingiliana kelele, lakini kelele hiyo hupungua sana kama njia ya kuleta habari nyumbani itafanywa pana na njia ya kupeleka habari nje itafanywa nyembamba. Ndiyo maana mwenye DSL hupokea upesi na kupeleka polepole. Si ubahili wa kampuni peke yake; mpango wenyewe ndivyo ulivyo tangu mwanzo. Baadaye John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha namna ya kuligawa shamba hilo katika vijaruba vingi vidogo. Katika kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 1999, vijaruba hivyo ni 256, na kila kimoja kina upana wa mitetemo 4,312.5 kwa sekunde. Modemu hukipima kila kijaruba peke yake. Kilicho na rutuba hupandwa habari nyingi, chenye mawe hupandwa kidogo, na kisichofaa huachwa kama kilivyo.

Katika kanuni hizo za kwanza, waya mzuri ulio karibu na kituo cha simu uliweza kuleta kiasi cha megabiti 8 kwa sekunde. Na kanuni za mwaka 2003 zilikifikisha kiasi hicho kwenye 24. Lakini neno “karibu” ndilo lenye uzito. Kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo ndivyo vijaruba vya juu vinavyokauka kimoja kimoja, na ukifika kilomita tano hivi huna budi kushukuru kwa kidogo upatacho. Basi mtu anayeishi mwisho wa njia, akiona tangazo la kasi kubwa ubavuni mwa basi, ajue kwamba tangazo hilo halikupima waya wake. Tena waya wenyewe huharibika. Maji huingia kwenye viungo, na wezi hukata shaba wakaiuza kwa kilo. Hasara hiyo imezisumbua kampuni za simu za Kenya na Tanzania kwa miaka mingi, nayo ni moja ya sababu za kampuni hizo kuikimbilia nyaya za kioo.

Sasa tuje kwenye kazi. Kitu cha kwanza ni chujio. Hiki ni kisanduku kidogo kinachowekwa kati ya soketi ya ukutani na simu, ili sauti ipite njia yake na intaneti ipite yake. Watu wengi hukidharau kwa sababu ya udogo wake. Huweka kimoja kwenye soketi yenye modemu, na simu nyingine iliyoko chumba cha nyuma wakaiacha bila chochote. Kisha hushangaa kwa nini intaneti hukatika kila simu inapolia. Kila simu iliyo kwenye waya huo, na kila mashini ya faksi kama bado ipo, haina budi kuwa na chujio lake, isipokuwa kama fundi wa kampuni ameweka kigawanyio kimoja mahali waya uingiapo nyumbani. Modemu yenyewe haipitishwi katika upande wa sauti wa chujio. Hutiwa mahali palipoandikwa DSL.

Kitu cha pili ni modemu. Ina tundu dogo la waya wa simu na tundu kubwa zaidi la waya wa Ithaneti uendao nyuma ya kompyuta. Ukiiwasha, taa ya DSL itapepesa, kisha itatulia. Kupepesa ni dalili kwamba modemu na mtambo ulioko kituoni wanapima vile vijaruba tulivyovitaja. Kutulia ni dalili kwamba wamekubaliana. Taa ikipepesa robo saa nzima bila kutulia, usiiguse kompyuta yako hata kidogo, kwa maana kosa haliko huko. Liko kwenye chujio, au kwenye waya wa ukutani, au kituoni. Twasema haya kwa mkazo kwa sababu tumeona watu wakifuta na kupanga upya kila kitu katika kompyuta, mpaka barua zao zikapotea, na kumbe panya alikuwa ametafuna waya nyuma ya kabati.

Kitu cha tatu ndicho kinachowachanganya wengi. Modemu nyingi zitolewazo na kampuni siku hizi ni modemu na ruta katika sanduku moja, na zimekwisha wekewa jina na neno la siri ili zijiunge zenyewe. Ukitaka kompyuta ndiyo ijiunge, huna budi kuigeuza modemu iwe daraja tu: ipokee kutoka kwenye shaba na kupitisha kwenye Ithaneti bila kusoma kilichomo. Mabadiliko hayo hufanywa katika ukurasa wa mipangilio ya modemu yenyewe. Humo utakuta pia nambari mbili zenye majina VPI na VCI, ambazo ni kama nambari ya njia na nambari ya gari ndani ya waya. Nambari hizi si za kubuni. Kila kampuni ina zake. Nchini Uingereza zilizozoeleka ni 0 na 38, nchini Ujerumani 1 na 32. Asiyezijua za kampuni yake na aulize, na akishaambiwa aziandike mahali pasipopotea. Kabla ya kubadili neno lo lote, andika kwanza jinsi ulivyokuta.

Kisha kompyuta. Zamani, kabla ya mwaka 2001, mwenye Windows alilazimika kutia programu ya pekee iliyotoka kwa kampuni. Windows XP ilipotolewa mwezi Oktoba mwaka huo, uwezo wa kuunga PPPoE ulikuwamo ndani yake, nao umebaki katika Windows zote zilizofuata. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya mtandao na intaneti, tafuta sehemu ya kupiga simu, uchague kuanzisha muungano mpya, kisha uchague ule ulioandikwa PPPoE. Utaulizwa mambo mawili tu: jina la mteja na neno la siri. Katika Linux mambo ni hayo hayo. Ongeza muungano mpya wa aina ya DSL, utoe jina na neno la siri, basi imekwisha. Mtu aliyezoea kuwasha jiko la mkaa ataona kwamba kazi hii ni nyepesi kuliko ile.

Wajerumani walio wengi waliingia katika intaneti ya kasi kwa njia hii hii. Deutsche Telekom ilipoanza kuuza T-DSL mwaka 1999, kwa kasi ya kilobiti 768 za kupokea na 128 za kupeleka, modemu yake ilikuwa sanduku lisilojua kitu, na kompyuta ndiyo iliyotoa jina, nalo lilikuwa mfululizo mrefu wa tarakimu uliomtoa jasho mwandikaji. Muungano ulikatwa na kampuni kila baada ya saa 24, ukaungwa upya. Mwenye nyumba alijua vema kwamba intaneti si maji ya bomba. Ni mazungumzo ambayo kompyuta yake huyaanza na huyamaliza.

Mazungumzo hayo yenyewe yanafaa kuelezwa, kwa sababu ukiyajua utaelewa makosa. Kanuni ya PPPoE iliandikwa mwaka 1999, na ukiitazama utaona inafanana na mgeni aingiaye mjini usiku. Kwanza kompyuta hupaza sauti njiani: je, yuko mwenye nyumba ya kupokea wageni? Mtambo wa kampuni hujibu: niko mimi. Kompyuta husema: basi nipokee. Mtambo hutoa nambari ya chumba. Mpaka hapo hakuna aliyeulizwa jina. Ni baada ya hapo tu ndipo mgeni huulizwa wewe ni nani, na neno lako la siri ni lipi. Na akikubaliwa hupewa anwani ya kutumia kwa muda wote wa kukaa kwake.

Kwa hiyo Windows ikikuonyesha kosa nambari 651, au 678 katika zile za zamani, maana yake kwa kawaida ni kwamba ulipaza sauti na hakuna aliyeitika. Tazama waya, tazama taa, tazama kama modemu kweli imekuwa daraja. Lakini ikionyesha 691, mwenye nyumba ameitika vizuri sana, ila amelikataa jina lako au neno lako la siri. Hapo waya hauna kosa lo lote, na fundi akitaka fedha za kubadilisha waya, mkatalie kwa heshima. Huenda umekosea herufi kubwa na ndogo, au malipo ya mwezi hayakufika, au modemu ya zamani bado imeshika chumba kwa jina hilo hilo nayo kampuni hairuhusu wageni wawili wa jina moja. Tarakimu tatu hizi zimewaokoa watu fedha nyingi, nazo hazifundishwi po pote.

Liko na jambo la vipimo. Kila kifurushi cha habari katika Ithaneti hakizidi baiti 1,500. PPPoE hula 8 kati ya hizo kwa ajili ya bahasha yake, zikabaki 1,492. Kompyuta iliyoungwa moja kwa moja hulijua jambo hili na hupunguza yenyewe. Tatizo huja pale mtu anapoitumia kompyuta hiyo kugawia nyingine. Hapo kurasa fulani hufunguka na nyingine hukwama nusu njia, na kila mtu hulaani kampuni.

Sasa tumefika penye uzito wa maneno yetu. Ruta, pamoja na kazi zake nyingine, ni bawabu. Anwani iliyotolewa na kampuni hukaa nayo, na kompyuta za ndani hupewa anwani za nyumbani ambazo mtu wa nje hawezi kuziona. Mtu wa nje akibisha bila kuitwa, ruta haimjui anamtaka nani, nayo humwacha nje. Bawabu huyu hakuajiriwa kwa ajili ya ulinzi. Ugawaji wa anwani ndio uliomleta, na ulinzi ukafuata nyuma yake kama kivuli. Ukiiondoa ruta, bawabu huyo ameondoka. Kompyuta yako sasa imesimama barabarani, na kila mtu duniani aijuaye anwani yake, au aibahatishaye, aweza kuibishia hodi.

Yaliyotokea katika mwaka 2003 na mwaka 2004 hayafai kusahauliwa. Tarehe 16 Julai 2003, Microsoft ilitangaza kwamba kuna ufa katika Windows 2000 na Windows XP, ikatoa kiraka cha kuuziba. Siku 26 baadaye, tarehe 11 Agosti, programu haribifu iitwayo Blaster ilianza kuzunguka duniani. Haikungoja mtu afungue barua, wala haikumdanganya mtu abonyeze picha. Ilipiga hodi kwenye mlango nambari 135 wa kompyuta moja baada ya nyingine, na penye ufa iliingia. Mwenye kompyuta aliona tangazo kwamba mashini yake itajizima baada ya sekunde 60, kisha ikajizima. Akaiwasha, ikajizima tena. Waliokuwa nyuma ya ruta wengi wao walisoma habari hizo gazetini. Waliounga moja kwa moja ndio walioumia. Na mkasa ulikuwa na uchungu wa pekee: ili kukipata kiraka ilimpasa mtu aingie kwenye intaneti, na akiingia aliweza kuambukizwa upya kabla kiraka hakijamaliza kushuka.

Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale. Kiraka kilitolewa tarehe 13 Aprili 2004, na kabla mwezi haujakwisha programu iitwayo Sasser ikaanza kutembea kupitia mlango nambari 445. Walinzi wa pwani wa Uingereza walirudia ramani za karatasi. Benki ya Sampo ya Finland ilifunga matawi yake 130. Na aliyeitunga hakuwa jeshi la nchi ye yote. Alikuwa kijana wa Kijerumani wa miaka 18, aliyehukumiwa na mahakama ya kwao mwaka 2005.

Wala haifai kusema kwamba hao walikuwa watu wasio na kinga. Ukuta wa ulinzi ulikuwamo ndani ya Windows XP tangu siku ya kwanza, ila haukuwa umewashwa katika miungano yote, na wengi hawakujua kama upo. Ni katika marekebisho makubwa ya mwezi Agosti mwaka 2004 ndipo Microsoft ilipoamua ukuta huo uwe umewashwa bila ya mtu kuomba. Mlango ulikuwapo, kufuli ilikuwapo, lakini mwenye nyumba hakuambiwa kwamba ni yeye wa kuifunga.

Na kama kuna adhaniaye kwamba hizo ni hadithi za zamani, basi na akumbuke tarehe 12 Mei 2017, programu ya WannaCry ilipozifunga kompyuta za hospitali za Uingereza na kudai fidia. Ilipita mlango gani? Ule ule wa nambari 445. Na kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla.

Basi mtu anayetaka kuunga moja kwa moja afanyeje? Utaratibu wa kazi ndio ulinzi wenyewe. Kabla ya kuchomeka waya, hakikisha kompyuta imekwisha pata viraka vyake kwa njia nyingine, kama vile simu ya mkononi, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya bawabu wa kampuni. Hakikisha ukuta wa ulinzi umewashwa. Muungano utakapoanzishwa na Windows ikakuuliza kama mtandao huu ni wa binafsi au wa hadhara, jibu kwamba ni wa hadhara. Usijibu kwamba ni wa nyumbani eti kwa sababu uko nyumbani kwako. Waya huo hautoki nyumbani kwako, watoka mjini. Neno hili moja ndilo linaloamua kama mafaili na printa zako zitaonekana na watu wa nje.

Tena itazame Windows yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za ofisi zetu zinafanya kazi kwa Windows hiyo, na nyingine bado ziko kwenye Windows 7, ambayo huduma yake ilikwisha mwaka 2020. Kompyuta isiyopata viraka yaweza kuandika barua na kupiga hesabu vizuri miaka mingi. Lakini kuiunga moja kwa moja na waya ni kuitafutia msiba. Yenye hali hiyo na ikae nyuma ya ruta, au iwekewe Linux, ambayo haina gharama ya leseni na hubebeka hata na mashini kongwe.

Liko jaribio moja jepesi la kujua umesimama wapi. Baada ya kuunga, andika ipconfig katika dirisha jeusi la amri, uitazame anwani uliyopewa. Ikianza na 10, au na 192.168, au kama yaanza na 100 na nambari ya pili iko kati ya 64 na 127, basi kampuni yako imekuweka nyuma ya bawabu wake mkubwa. Kampuni nyingi hufanya hivyo, kwa sababu ghala kuu la dunia la anwani za zamani lilimalizika mwezi Februari mwaka 2011. Bawabu huyo akupunguzia hatari ya nje, ingawa wateja wenzako waliomo ndani ya uzio ule ule bado waweza kukufikia. Nyingi ya anwani nyingine zote ni za hadhara, na wewe uko barabarani. Usiitazame kompyuta yako peke yake, basi. Tazama na anwani pia.

Yuko atakayesema kwamba tunawafundisha watu kazi ambayo inakufa. Ni kweli kwamba shaba inaondoka. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa kale wa simu mwezi Januari 2027, na kwetu nyaya za kioo zimeenea mijini tangu mkongo wa SEACOM ulipofunguliwa mwezi Julai 2009. Lakini kampuni nyingi ziuzazo intaneti ya kioo zimeirithi PPPoE kama ilivyo. Sanduku la ukutani limebadilika na chujio halihitajiki tena, ila kompyuta au ruta bado hupaza sauti njiani, bado huulizwa jina na neno la siri, na 691 bado ni 691. Aliyejifunza kwenye shaba hana jipya la kujifunza hapo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa ofisi isiyo na ruta nyingine, na hata kwa iliyo nayo, si kununua kitu. Ni kuipigia simu kampuni, mwenye mkataba akiwa ameshika kitambulisho chake mkononi, na kudai mambo manne: jina la mteja, neno la siri, nambari za VPI na VCI kama waya ni wa shaba, na kama wanaruhusu modemu kuwa daraja. Yaandikwe katika daftari la ofisi, nalo daftari liwekwe katika kasha la fedha pamoja na muhuri. Neno la siri likiwa limewahi kukaa katika simu ya fundi aliyekwisha ondoka, liombewe badiliko siku hiyo hiyo.